Disiki Ine, Nafasi ya Mbili

Mukiona mahali nimeandika vibaya neno ya ordinatere, yenye bengine banaita kompyuta, mucheke kwanza, kisha muendelee kusoma. Mimi nilisoma mpaka mwaka wa tatu ya primaire. Mwalimu akasema nirudie mwaka, nikasema hapana, na njo ilikuwa mwisho ya masomo yangu. Kwa macho hii na mikono hii nilifungua studio ya foto pa Kamalondo, mutaa yetu, nikaoa, nikasomesha bana sita. Jina yangu ya ubatizo bantu balisahau, hata ku parokia. Bote bananiita Papa Flashi.

Ninyi bana benye munashika kamera leo, ao munashika telefone na kusema ni kamera, niko naandikia ninyi juu ya kintu yenye mpaka leo sielewe sawasawa. Muntu ingine angengoja aelewe mbele ya kuandika. Mi nikingoja hiyo siku, mutaisoma ku kilio yangu.

Kintu yenyewe ni sanduku. Nyeusi, ndogo sawa mukate, iko pa meza yangu karibu na dirisha, inapumua sawa muntu mwenye kulala. Ndani yake kuko disiki ine. Mado, mutoto yangu wa tatu, njo aliniwekea. Yeye anafanya kazi ya ordinatere mu bure, ofisi ya bantu ya transit benye kupitisha mizigo ku mupaka, na alichoka kuona foto yangu imetawanyika mu CD, mu telefone tatu yenye haifunguke tena, na mu disiki moja ndogo ya kubeba mu mufuko. Akasema tutaweka yote pahali pamoja, na kila muntu mu nyumba ataiona. Nikasema muzuri.

Kila disiki ilikuwa na tera ine. Tera ni kipimo ya nafasi, sawa vile gunia ni kipimo ya unga. Ine mara ine, hata mimi wa mwaka wa tatu najua, ni kumi na sita. Mado akamaliza kufunga, akawasha, na sanduku ikaandika: munane.

Nilishika kofia yangu, nikataka kutoka kwenda kugombana na muuzaji. Niliona wazi kama wametupatia disiki mbili ya kweli na mbili ya maganda. Mado akanishika mukono.

"Papa, hakuna mwenye amekula. Mbili inaandika, na mbili ingine inaandika ile ile. Ni miroir, kioo ya kujiangalia. Moja ikikufa, mwenzake inabaki."

"Basi nilinunua ine ya nini?"

"Ya kulala bila mawazo."

Nikamuambia nililala bila mawazo miaka yote ya kazi yangu, foto yangu iko mu boite ya bati ya maziwa ya unga.

Mi nilitaka ile njia ya kwanza yenye alinielezea: kuunganisha disiki yote ine, upate kumi na sita, ubaki muntu mukubwa. Mado akakataa. Akasema katika njia hiyo kila foto inakatwa vipande, kipande hapa kipande pale, na disiki moja ikikufa, zote zimekufa. Nikauliza kama hakuna katikati. Akasema kuko. Na pale njo nilipotea kabisa.

Eti unaweza kupanga disiki ine vile: nafasi ya tatu inachukua bintu, nafasi ya moja inashika hesabu ya bintu ile. Moja ikikufa, hesabu pamoja na zenye zimebaki inaitengeneza tena. Unapata kumi na mbili. Nikamuuliza: mi niko na bana sita, hesabu yao naijua. Moja akipotea mu soko, hesabu ya sita itanionyesha sura yake? Mado alicheka mpaka akakaa chini. Akachukua karatasi akaandika tatu, tano, mbili, na jumla kumi. Akafunika tano kwa kidole, akauliza chini ya kidole kuko nini. Nikajibu tano. Akasema, njo vile. Nikamuambia tano si sura ya muntu. Tuliachia pale, na mpaka leo tungali pale.

Lakini musifikiri mi sikujua kazi ya kuweka kintu mara mbili. Niliijua mbele Mado azaliwe, na niliikataa.

Mwenye alinifundisha ni Muzee Donati, fotografe wa zamani sana ya Kamalondo, muntu mufupi, suruali juu ya kitovu. Alikuwa anatembea na kamera mbili shingoni. Kwa kila mariage, kila komunyo, anapiga na hii, kisha anapiga na ile, pozi moja. Pelikule, ile filamu ya ndani ya kamera, mbili kwa kazi ya pelikule moja. Moja inalala mu boite ya maziwa pa studio, na muchele kidogo ndani juu ya kunywa unyevu. Ingine inaenda kulala ku dada yake, pa Katuba, mutaa ingine. Mi nilikuwa kijana, nilimuona sawa muntu mwenye anakula ugali na mikono mbili. Nikamuambia siku moja: Muzee, na hii pelikule yenye unatupa tungefungua studio ya pili. Akaweka pelikule ingine ndani ya kamera ya pili.

Kisha ikakuya siku ya komunyo ya kwanza ya bana wa parokia yote. Nilikuwa na haraka. Nikafungua mugongo ya kamera mu jua, mbele ya kurudisha pelikule ndani ya kopo yake. Benye hamujui: pelikule ikiona jua, imekwisha, bana bote na mishumaa yao wamekuwa maziwa. Muzee Donati alikuwa ameona. Hakunitukana. Alivua kamera ya pili shingoni akaiweka ndani ya shati yake, juu ya kifua, akaenda nayo. Komunyo ikapona. Mi akanibebesha kamera zote mbili mwezi muzima, bila ruhusa ya kupiga hata mbuzi.

Mungefikiri nilijifunza. Siku yenye nilifungua studio yangu, nilianza na kamera moja. Nilikuwa na jicho, mi. Bantu ya Kamalondo banaweza kushuhudia: ulikuwa unakuya pa studio yangu na kola imepinda kidogo sawa unywele, naiona. Kitambaa ya kichwa imeteleza, naiona. Nilikuwa nasema, muntu mwenye anaona vizuri hapigi mara mbili.

Isipokuwa kwa mapasa.

Kwetu jina ya mapasa, bana wawili wa mimba moja, muzazi hachagui. Wa kwanza kutoka ni Kyungu, wa pili ni Kabange, imeisha. Na kila kintu ya mapasa inagawanywa sawasawa. Ukipatia moja ndizi, mupatie na mwenzake ndizi ya urefu ile ile. Siku moja akaingia Mama Mapasa wa avenue ya nyuma, na mabinti yake wawili ya miaka saba, nguo ya robe moja kitambaa moja, soksi nyeupe, viatu nyeusi ya mukanda. Pelikule yangu ilikuwa karibu kuisha. Nikasema tuwapige pamoja. Akasema hapana, kila muntu na yake, kiti ile ile, kipimo ile ile. Nilinung'unika, nikapiga mara mbili. Kyungu na Kabange. Sikuandika nani ni nani. Mama yao anajua, niandike ya nini?

Mwaka uliofuata Kyungu akafa na malaria. Nkambo yao, mama ya baba yao, aliweka foto yake ndani ya sanduku ya maiti pamoja naye, eti asirudie kuita mwenzake. Mama Mapasa hakuomba ingine. Kintu ya vile muntu haiombi mapema, kilio ingali mbichi.

Sasa turudi ku sanduku yangu nyeusi. Mi na Mado tulikuwa tumepitisha foto ya zamani yote mu mashini ya kusomea, yenye inaingiza sura mu ordinatere, pelikule kwa pelikule, kazi ya miaka mbili. Kwanza tuliiweka mu ile disiki ndogo ya mufuko, kisha mu sanduku. Ilikuwa bahati, juu kisha mvua ilipita mu mabati, boite ya maziwa ikajaa maji, na pelikule ikashikamana sawa majani ya sombe, mboga ya muhogo, yenye imelala. Nikaitupa yote. Na ile disiki ndogo nikaona haina kazi tena. Nikapatia muleke yangu Kaseya, ndugu mudogo, mwenye anafanya biashara pa Mokambo, ku mupaka na Zambia, apate kuwekamo filme ya kuonyesha wateja.

Munaona namna nilivyo. Muzee Donati angenibebesha kamera kumi.

Sanduku ikajaa. Taa nyekundu. Ni mi nilijaza, na video ya mariage ya bajukuu. Mado akasema atakuya siku ya posho, Samedi, mwisho ya juma, tuangalie: ao tunanunua disiki mukubwa zaidi, ao tunavunja miroir tupate nafasi na tubaki na woga. Nikasema sawa. Lakini kutoka Lundi mpaka Samedi kuko siku mingi kwa muntu mwenye hana kazi.

Nikafikiri. Hapa musikilize vizuri, juu kosa yangu iko hapa, na kila hatua yake ilikuwa na akili. Mado alisema kila kintu iko mara mbili. Basi nafasi yangu inakulwa na zile za pili. Nikifuta zile za pili, nafasi inarudi. Nikafungua, na kweli, nikazikuta! Mariage moja, bibi arusi mara tatu, pozi moja. Wazee wa parokia, mara mbili. Nikajisema: njo hii miroir yenyewe, nimeikamata. Nikaanza kufuta. Nilifanya asubuhi na kahawa, nikafanya kisha ya kula. Kila zenye zinafanana, naacha moja, natoa moja. Taa ikarudi kijani. Samedi Mado alipokuya, nikamuambia arudi kwake, nimemaliza mwenyewe. Nilijisikia sawa enjenyeri.

Kupita miezi mbili, motokari muzuri ikasimama mbele ya mulango. Ni Kabange. Siku hizi ameolewa, anakaa Golf, kwa batajiri, nyumba ya bustani, lakini aliingia kwangu na kupiga magoti kidogo sawa mutoto wa Kamalondo. Akaniambia macho ya mama yake inaisha. Munganga amesema jicho moja imeenda, ingine inafuata, na haiko ya kupasua. Mama Mapasa ameomba kintu moja tu: aone Kyungu mara moja mbele ifunge. Nikamuambia, mwanangu, rudi kwako na amani, foto ya mama yako iko hapa. Na nilipiga sanduku na mukono, hivi, sawa muntu anapiga ng'ombe yake.

Alipotoka, nikafungua. Mutoto moja. Kiti, robe, soksi. Moja.

Nilitafuta mpaka jasho. Kisha nikamuita Mado kwa telefone, nikamuambia akuye anifungulie disiki ya pili, ile mwenzake, juu nilijua kazi yake ni kubaki. Mado akauliza, pole pole, nilifanya nini ile wiki ya taa nyekundu. Nikaeleza.

"Papa," akasema, "miroir haikumbuke. Ukitoka mbele yake, na yeye hana kintu. Umefuta mara moja, imefutika mara mbili."

Nikamuuliza basi inachunga nini. Akasema inachunga disiki ikikufa. Haichunge mukono yako. Nikauliza tena zile zenye nilifuta zilikuwa nini, kama haikuwa miroir. Akasema miroir haionekane, Papa, hautaiona hata siku moja. Zile zilikuwa foto tu, zenye zinafanana. Nikauliza mara ya tatu. Alijibu mara ya tatu. Sikuelewa tena, ila kama zenye nilifuta hazirudi.

Na sasa hata sikujua nimefuta nani. Labda nilifuta Kabange, mwenye eko muzima na motokari, na Kyungu amebaki. Labda hapana. Niliangalia ile sura mpaka ikanichokesha. Mi mwenye kuona kola.

Mi sitawaficha kintu, ndiyo maana naandika. Nilichapisha ile foto moja mara mbili. Karatasi muzuri, kipimo moja, kadre mbili ya mbao na kioo. Nilijisema: mapasa ni mapasa, mama yao ni muzee, jicho ni moja na ukungu ndani. Moja kati ya hizi itakuwa Kyungu, kwa nguvu. Sikumuambia Mado. Nikavaa kofia nikaenda.

Mama Mapasa alikuwa amekaa pa mulango, pahali kuko mwanga, Kabange nyuma yake ameshika kiti. Nikamupatia kadre ya kwanza. Akaileta karibu na jicho, karibu sana, pua inagusa kioo. Akaiweka pa magoti. Nikamupatia ya pili. Akafanya vile vile. Akarudisha ya kwanza ku jicho, na nilianza kufikiri nimepona.

"Flashi," akasema, "umeniletea Kabange mara mbili."

Hakuwa na hasira. Kama angekuwa na hasira ningejua la kufanya, juu kugombana najua. Kabange aliangalia chini. Nikavua kofia, nikawaambia yote: taa nyekundu, kahawa, mukono yangu. Mama Mapasa akauliza kama Kyungu amekwenda basi kabisa. Nikasema sijui. Akasema: "Jicho hii haitangoja wewe ujue."

Nilipofika nyumbani njo nilikumbuka Kaseya.

Nilimuita kwa telefone. Reseau ya Mokambo inatoka na kurudi. Nilisikia tu kama disiki iko, na filme iko ndani. Filme ndani! Nikaona Kyungu chini ya filme ya karate, ameisha. Nikauliza kama alifuta bintu yangu mbele ya kuweka yake, na laini ikakatika. Asubuhi nikapanda lori ya bantu ya unga, vumbi mpaka ndani ya meno, na njia yote nilikuwa napiga hesabu ya Mado: tatu, tano, mbili, na kidole juu.

Kaseya alinikuta pa barabara. Nikamuuliza mbele ya kumusalimia. Alinishangaa.

"Yaya, kaka yangu, mi nitafuta namna gani sura ya bantu? Hata sibajui. Nafasi ilikuwako kidogo pembeni yao, nikaweka filme pale."

Huyo njo Kaseya, mwenye hakumaliza hata mwaka wa pili. Nikakaa juu ya gunia ya muntu nikacheka mpaka machozi, na yeye hakujua juu ya nini.

Mado aliniambia kisha kama nilikuwa nimeokolewa na zawadi yenye niliona ni takataka. Aliniwekea disiki mukubwa zaidi, miroir ile ile, na kila mwezi sasa kuko disiki ya tano yenye inaenda Mokambo na kurudi mu mufuko ya Kaseya. Nimemuuliza: sasa ni mara ngapi? Mbili mu sanduku, moja Mokambo, ni tatu. Tatu ya kuchunga moja! Na nafasi yenye naona inabaki nusu. Anasema njo vile, Papa. Mi nasema ndiyo na kichwa. Lakini hii mushike hata kama hamuelewe sawa mi: disiki mbili mu nyumba moja ni bandugu benye banakula pamoja na kukosea pamoja. Ile yenye itakuokoa lazima ilale ku muntu ingine, pa Katuba, pa Mokambo, kwa dada, kwa muleke. Muzee Donati alijua hii na boite ya maziwa tu. Ningemuomba musamaha, lakini mwenyewe eko mbali kushinda Mokambo.

Nilimuletea Mama Mapasa ile foto ya disiki ya Kaseya mu kadre, siku ya pili ya kutoka Mokambo, nguo yangu ingali na vumbi. Alikuwa pale pale pa mulango. Akaileta ku jicho, pua ku kioo, akateremusha polepole: kichwa, robe, magoti, na pa viatu akasimama. Mabega yake ikaanza kutikisika, nikafikiri analia. Alikuwa anacheka.

"Huyu njo Kyungu. Hakuna siku alikubali kufunga mukanda ya kushoto."

Akanipatia kadre. Kabange akainama pamoja na mimi. Mukanda ya kiatu ya kushoto ilikuwa wazi, inalala pembeni ya mguu, wazi sawa mulango, miaka yote ile. Niliipiga mwenyewe. Niliipitisha mu mashini mwenyewe. Niliiangalia na kahawa mu mukono, nikasema inafanana, nikafuta.

Kisha akaomba moja ya Kabange ibaki pembeni yake, kipimo ile ile, na akanirudishia ile ya tatu, Kabange yenye nilichapisha mara ya pili. Iko hapa pa meza, karibu na sanduku. Na mimi, siku hizi, mbele ya kufuta kintu yoyote, naanzia ku viatu.